Jengo Huanzia Barazani
Mhadhara kuhusu urefu wa majengo na ubora wa usanifu katikati ya Dar es Salaam

 

Nimekulia Kariakoo, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: vitatu mkono wa kulia, vitatu mkono wa kushoto, ukumbi katikati na uani nyuma. Mbele kulikuwa na baraza ya saruji chini ya upenu wa bati. Alfajiri bibi yangu alichomea vitumbua pale. Jua likipanda, fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele alitoa cherehani yake akashonea hapohapo, maana ndani kulikuwa na joto na giza. Alasiri wazee waliiteka baraza kwa bao. Mvua ikinyesha, mpita njia hakupiga hodi. Alipanda, akasogezewa nafasi, akangoja ikatike. Kiwanja kilikuwa cha babu kwa hati, lakini sikumbuki hata siku moja mtu kuulizwa amekaa pale kwa ruhusa ya nani.

Sasa pale pana jengo la ghorofa nane. Familia yetu ilifanya kama zilivyofanya familia nyingi za Kariakoo: sisi tulitoa kiwanja, mwekezaji akatoa fedha, tukagawana ghorofa. Sijutii makubaliano yale. Kodi ya sehemu yetu imesomesha wadogo zangu na kumtibu mama yangu, na nyumba ya zamani ilikuwa inavuja kila masika. Kinachoniuma ni kimoja: baraza haikurudi. Jengo jipya limeanzia pale upenu ulipoishia. Frem tano zimejipanga mbele, kila moja na mlango wake wa chuma. Jenereta imewekwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, na maji ya viyoyozi yanadondokea watu kichwani. Kiwanja kilipata ghorofa nane, mtaa haukupata kitu, na kile ulichokuwa nacho ukanyang'anywa.

Tangu hapo nimekuwa nikisikiliza namna tunavyoyazungumzia majengo ya katikati ya jiji, na nimeona tuna kipimo kimoja tu: ghorofa ngapi. Anayejivunia jiji anataja minara pacha ya Benki Kuu, anataja jengo la Bandari lililopita mita 150, anataja mengine yaliyoota Posta na Upanga ndani ya miaka 20. Anayelalamika anataja majengo hayohayo, ila kwa sauti nyingine: yamezidi, yamefunga upepo wa bahari, yamelifanya jiji lisijijue. Mmoja anataka namba ipande, mwingine anataka ishuke, na wote wawili wameinua shingo. Jioni hii nawaomba tushushe macho hadi pale jengo linapokutana na mtu anayetembea.

Anayetembea kwa miguu anaiona ghorofa ya chini yote, anaiona ya kwanza na ya pili vizuri, kisha jengo linaanza kumpotea. Msanifu Jan Gehl wa Copenhagen amefundisha kwa miongo mingi kwamba hadi karibu ghorofa ya tano aliye dirishani na aliye barabarani bado wanaweza kuonana na kuitana. Juu ya hapo jengo ni mali ya mawingu. Kwa hiyo unapoongeza ghorofa ya 21 juu ya 20, mtu wa chini haongezewi wala hapunguziwi kitu kikubwa cha kuona. Lakini ukiiondoa baraza umemwondolea mahali.

Twendeni New York, kwa sababu mji ule uliupitia ugomvi huu kabla yetu na ukauandikia kumbukumbu nzuri. Mwaka 1915 lilikamilika kusini mwa Manhattan jengo la Equitable, ghorofa 38. Lilipanda wima kutoka ukingo wa kiwanja hadi juu, bila kurudi nyuma hata hatua moja, kwenye kiwanja kisichotimia ekari moja. Ukijumlisha sakafu zake unapata karibu mara 30 ya eneo la kiwanja chenyewe. Mitaa ya jirani ikaingia gizani mchana, na wenye majengo ya pembeni wakaona mwanga wao umechukuliwa. Mwaka uliofuata, 1916, mji ukatunga kanuni: jengo likipanda lazima lirudi nyuma kwa vipandio ili jua lifike barabarani, ila mnara unaweza kwenda juu utakavyo, mradi ukalie robo tu ya kiwanja.

Chini ya kanuni hizohizo, mwaka 1958 lilikamilika jengo la Seagram kwenye Park Avenue, kazi ya Ludwig Mies van der Rohe. Nalo lina ghorofa 38. Mies alilisukuma jengo nyuma, akauachia mji uwanja wa mawe wenye mabwawa mawili ya maji, na pembeni kuta fupi ambazo mtu anaweza kuzikalia. Ukiyaandika majengo haya mawili kwenye daftari la ghorofa, hayana tofauti: 38 na 38. Ukiyapita kwa miguu, moja lilikuchukulia anga na jingine linakupa pa kupumzika. Nikiwa na mwanafunzi mmoja tu na saa moja tu ya kumfundisha usanifu wa katikati ya mji, ningemfundisha jozi hiyo na kumwacha aende.

Lakini kisa hakiishii hapo, na sehemu inayofuata ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tunaopenda kutunga kanuni. Mji uliupenda ule uwanja, ukataka vingi kama ule. Mwaka 1961 ukaandika sheria mpya: anayejenga akiacha uwanja wazi kwa umma, atapewa sakafu za ziada. Kwenye maeneo yaliyoruhusiwa msongamano mkubwa, kila futi ya mraba ya uwanja ilimpatia futi 10 za sakafu. Wenye kujenga waliitikia mara moja. Viwanja vikatokea huku na huku, na vingi vikawa vikavu, vya upepo, bila mti, bila kiti, vingine vimechomekwa misumari ukutani ili mtu asikae. Sheria ilihesabu futi, ikaletewa futi.

Ndipo William Whyte, mwandishi aliyegeuka kuwa mchunguzi wa mitaa, alipoweka kamera juu ya viwanja hivyo miaka ya 1970 na kuangalia saa kwa saa kwa nini kimoja kinajaa watu na cha jirani kiko kitupu. Alidhani huenda ni jua, au ukubwa, au umbo. Alichokuta ni kwamba watu hukaa mahali penye pa kukaa. Mwaka 1975 mji ukarekebisha kanuni zake, ukadai viti na miti kwa vipimo. Nilipoisoma kazi ile nikiwa mwanafunzi nilifunga kitabu nikamkumbuka bibi yangu na vitumbua vyake. Utafiti wa miaka, kamera na wasaidizi, ulikuwa umefika barazani kwetu.

Sisemi haya kwa majivuno ya bure. Nasema kwa sababu tunatafuta vipimo vya ubora mbali wakati lugha yetu wenyewe imevihifadhi. Neno baraza linataja kiti cha jiwe mbele ya nyumba, na linataja pia mkutano wa watu wenye mamlaka. Tuna Baraza la Mawaziri, Baraza la Madiwani, Baraza la Mitihani. Wahenga waliotumia neno moja kwa vyote viwili waliona kwamba mambo ya umma huanza pale nyumba inapompa mpita njia mahali pa kukaa. Tembeeni Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu mkaone. Mitaa ni finyu, nyumba za mawe ni za ghorofa mbili na tatu, na kwa upana wa mtaa huo ni ndefu sana. Hakuna anayesema zimezidi. Urefu ule ndio unaoleta kivuli, ukuta mnene wa matumbawe unashika ubaridi, na baraza inakupokea mlangoni.

Hata Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883 likayazidi kimo majengo yote ya jirani, lilizungushiwa roshani pana juu ya nguzo nyembamba za chuma. Barghash alitaka kuonekana kutoka baharini, na alionekana. Lakini jumba lake lilikwenda juu likiwa limevaa kivuli chake. Desemba 25, 2020, sehemu yake ilianguka, nasi tukakumbushwa kwamba jengo jema lisipotunzwa nalo huua.

Sasa turudi Dar es Salaam, nyuzi karibu 7 kusini mwa ikweta, penye jua la utosi na unyevu wa bahari. Wasanifu wa miaka ya 1950 na 1960 walilijua jua hili. Tazameni majengo ya zamani kuanzia Samora hadi mitaa ya India na Jamhuri: ghorofa ya kwanza imetokeza juu ya njia ya waenda kwa miguu, kuta zina matofali ya matundu, madirisha yana vizuia-jua vya zege. Mengi yalijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi kwa fedha zao, yakachukuliwa na serikali chini ya sheria ya 1971 iliyotaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na hadi leo watu wazima wanayaita ya Msajili, yaani msajili wa majumba ya serikali. Si majengo ya kifahari. Lakini kwa miaka 60 na zaidi yamekuwa yakiwapa kivuli watu ambao hawakulipa kodi hata senti moja ndani yake.

Yakivunjwa, mara nyingi kinachosimama ni boksi la vioo. Kioo kinachotazama magharibi katika mji huu kinapokea jua la alasiri kifuani, kinaligeuza joto, na joto hilo hutolewa kwa viyoyozi na kutupwa mtaani. Umeme ukikatika, jenereta inawashwa ili kupooza kosa la mchoraji. Huo ndio ubora ninaozungumzia. Wengi wakisikia neno ubora hudhani tunabishana kuhusu rangi na urembo, kwamba ni mambo ya ladha, kila mtu na yake. Joto si ladha. Moshi wa jenereta kwenye pua ya mama anayeuza ndizi si ladha.

Wala nisieleweke kwamba urefu hauna uzito. Unao. Nyumba ya vyumba sita ikigeuka ghorofa nane, bomba la majitaka ni lilelile, mtaa ni uleule, gari la zimamoto linapita njia ileile iliyojaa maboksi. Washington walifungamanisha kimo na mtaa wenyewe tangu sheria yao ya 1910: jengo lisizidi upana wa barabara iliyo mbele yake kwa zaidi ya futi 20. Paris, baada ya mnara wa Montparnasse wa mwaka 1973, iliweka kikomo cha mita 37 mwaka 1977. Ninaiheshimu zaidi njia ya Washington kuliko ya Paris, kwa sababu inauliza swali la pale chini: mtaa huu unaweza kubeba nini? Hata hivyo, kikomo peke yake hakijengi chochote. Unaweza kuwa na mtaa mzima wa ghorofa nne zilizo mbaya.

Na zinazoua. Ijumaa Kuu, Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka likaua watu 36. Tulisema: tamaa ya ghorofa. Ilikuwa kweli; ghorofa zilizidi zilizoruhusiwa. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo, wafanyabiashara wakiwa ndani, likaua watu zaidi ya 20. Pale hatukuweza kuusingizia urefu. Nilisimama kwenye kamba ya polisi siku ya pili yake, mita mia chache kutoka tulipozaliwa, nikasikia simu zikilia chini ya vifusi na watu wakiomba kimya ili wasikilize. Tangu siku ile siwezi kuzungumzia usanifu kama mapambo. Ghorofa nne zilizochokonolewa msingi ni hatari kuliko 40 zilizosimamiwa vizuri. Kinachopaswa kutuogopesha ni jengo lisilo na mhandisi anayefika, msanifu anayesikilizwa na mkaguzi anayerudi mara ya pili.

Afrika Mashariki ina mifano ya pande zote mbili inayonitia moyo. Nairobi wanayo KICC, jumba la mikutano, kazi ya Karl Henrik Nøstvik pamoja na David Mutiso, iliyokamilika mwaka 1973, mita 105. Kwa miaka mingi ilikuwa ndefu kuliko zote mjini pale, na sasa imepitwa na minara kadhaa. Nani anaikumbuka minara iliyoipita? Mnara wa KICC una rangi ya udongo, una umbo linalotambulika hata na mtoto, na chini yake kuna uwanja mkubwa ambao picha za harusi na za mahafali hupigwa. Ulipoteza nafasi ya kwanza kwa urefu na haukupoteza chochote.

Na sisi tuna Soko la Kariakoo la Beda Amuli, lililofunguliwa 1975. Halifiki popote kwa kimo. Amuli, mmoja wa wasanifu wa kwanza Waafrika katika ukanda huu, alisimamisha nguzo za zege zilizopanuka juu kama miamvuli mikubwa iliyopinduliwa, zikawa paa na nguzo kwa pamoja. Hewa ya joto ilipata pa kutokea, mvua ilikusanywa kupitia nguzo hadi kwenye matangi. Nikiwa mtoto nilidhani ni msitu. Soko liliungua Julai 2021, na wakati taarifa zinatangazwa niliona wazee wa mtaa wetu wakilia. Sijawahi kuona mtu akizililia ghorofa zetu nane, ingawa nyaraka zinasema ni jengo lenye thamani kubwa.

Kwa nini basi tunaendelea kuhesabu? Kwa sababu ghorofa inahesabika. Mkopo wa benki unahesabu mita za sakafu, dalali anahesabu frem na kilemba chake, ofisa wa vibali anaweza kukagua namba kwa kidole. Kivuli hakina safu kwenye fomu. Mteja anapoingia ofisini kwangu swali lake la kwanza ni hilohilo: kiwanja hiki kinatoa ngapi?

Na mimi nimeshiriki. Miaka mingi iliyopita nilichora jengo karibu na Mnazi Mmoja lenye baraza ya mita mbili na nusu mbele yake yote, iliyofunikwa na ghorofa ya kwanza. Mteja aliipenda hadi alipopiga hesabu ya frem, akaniomba niusogeze ukuta hadi mpakani. Niliufuta mstari ule kwa dakika chache, kwa sababu nilikuwa nataka malipo ya hatua iliyofuata. Jengo limesimama. Kila nipitapo saa saba mchana naona watu wametembea juani urefu wote wa ukuta wake, na najua kila hatua yao ilifutwa na nani.

Ninachopendekeza ni kwamba ghorofa ziwe na bei, na bei ilipwe chini. Sheria ya Mipangomiji Namba 8 ya mwaka 2007 inaipa mamlaka ya upangaji uwezo wa kutoa kibali kwa masharti. Hatuhitaji kusubiri sheria mpya. Anayetaka ghorofa zaidi aache baraza iliyofunikwa, inayoungana na ya jirani bila kipandio katikati, jenereta na maji ya viyoyozi vibaki ndani ya mpaka wake, na kuwe na mahali pa kukaa. Tumejifunza kutoka New York: tusiandike ukubwa tu, tuandike matumizi. Kwenye kila faili la kibali pawe na mchoro mmoja wa ziada, wa mtaa, wenye watu ndani yake, unaoonyesha kivuli kinaanguka wapi saa saba mchana. Mchoro huo hauzidi kazi ya siku moja.

Mwekezaji atasema anapoteza. Tupige hesabu. Chukueni kiwanja cha mita 15 kwa 20, mfano tu. Baraza ya mita mbili na nusu kwa upana wote wa mbele inakula mita za mraba 37 na nusu, na inazila kwenye sakafu ya chini peke yake, kwani juu yake ghorofa zinaendelea. Ghorofa moja ya ziada yenye mita za mraba 200 inamrudishia zaidi ya mara tano. Ni kweli frem ya chini ina kodi kubwa kuliko chumba cha juu. Lakini Kariakoo wateja wamekwisha kuzoea kupanda, maduka yapo hadi ghorofa za juu, na frem iliyo nyuma ya kivuli chenye watu inauza kuliko iliyo nyuma ya jua tupu. Wamachinga walioondolewa barabarani mwaka 2021 walikuwa wanalijua hilo bila kusomea: walijipanga palipokuwa na upenu.

Jumamosi hii tutatembea, mimi na wanafunzi wangu na yeyote atakayependa, kutoka Sanamu ya Askari hadi Soko la Kariakoo. Tutahesabu mahali pa kukaa ambapo mtu hahitaji kununua kitu, na tutapima kivuli kwa hatua. Tutaondoka saa sita kamili, jua likiwa kichwani, maana ndipo mtaa unaposema kweli. Njooni na kofia, maji ya kunywa na futi kamba. Mama mmoja wa Mtaa wa Lumumba ameahidi kutukaribisha chini ya roshani ya jengo la zamani lililobaki pale, na amesema atachoma vitumbua.